Shukrani za Bernado

Pelagia alianika betri zake saa tatu asubuhi, umande ulipokwisha kukauka, juu ya mwamba uleule alioanikia dagaa. Zilikuwa nne. Alizipanga upande wa juu ili zisichukue harufu, ingawa zilikuwa zimeshaichukua zamani. Tabia hiyo ilimwingia miaka ya shida, betri zilipokuwa zikipatikana kwa kibali pamoja na sabuni, na hakuiacha hata sasa maduka ya Musoma yalipojaa betri za kila rangi. Betri ikianikwa vizuri, redio iliongea jioni mbili zaidi. Mumewe Bernado, fundi wa mitumbwi pale mwaloni, ufukweni wavuvi walikoshushia samaki, alimtania kwamba siku moja atawapikia betri na kuwasha redio kwa dagaa.

Asubuhi hiyo gari la redio lilifika kijijini kwao, Mugango. Ulikuwa mwaka ule watu walipokuwa wakiulizwa kama chama kibaki kimoja au viwe vingi, na kulikuwa na kipindi kimoja kilichozunguka vijijini kukusanya maoni. Alishuka kijana nadhifu aitwaye Alfonce, kinasa sauti kikiwa begani, akaomba mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya wenzake. Watu wote walimtazama Bernado.

Bernado hakuwa na elimu kubwa, ila alikuwa na adabu ya kusema. Aliweza kumwambia mkubwa jambo chungu na mkubwa akaondoka akishukuru. Na Mugango walikuwa nalo jambo chungu. Mwalo ulikuwa umepata mwekezaji, mtu wa mjini ambaye kila aliyemtaja alimpa jina tofauti. Angezungusha uzio kuanzia kwenye mwamba wa dagaa hadi kwenye matete, ajenge nyumba ya barafu ya sangara. Mkutano mkuu wa kijiji wa kulipitisha jambo hilo ulikuwa baada ya wiki nne, na watu walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba siku hiyo pia atasema Bernado.

Alifuta mikono kwenye suruali, akakikaribia kipaza sauti.

"Kwanza nashukuru kupata nafasi hii," alisema. "Nawasalimu viongozi, nawasalimu wazee, kina mama, na watoto pia nawasalimu. Nashukuru mmetukumbuka sisi watu wa ziwani mkaja kutuuliza. Tuko wazima, tunaendelea vizuri. Lakini mimi naulizaga. Mnatuuliza vyama, kimoja au vingi, sawa. Mwalo mbona hamkutuuliza? Mkizungusha uzio, wanawake wataanika dagaa wapi? Chama kiwe kimoja, viwe ishirini, bila mwalo tutakula mawe."

Watu waliguna kwa kuridhika. Alfonce alimshika mkono, akamwambia amesema vizuri sana, mzee wangu, vizuri kabisa.

Kipindi kilirushwa Jumatano jioni. Nusu ya kijiji walikaa uani kwa Pelagia, maana betri zake ndizo zilizoaminika. Sauti ya Bernado ilitoka safi, nzito kidogo kuliko yeye. Ilishukuru kupata nafasi, ikawasalimu viongozi, wazee, kina mama na watoto, ikashukuru kukumbukwa. Ilisema tuko wazima, tunaendelea vizuri. Kisha ikapigwa ngoma. Watu walisubiri mpaka ngoma ikaisha na taarifa ya habari ikaanza. Mmoja alisema labda muda ulikuwa mdogo, na wengine wakakubali kwamba muda wa redio ni mdogo.

Alhamisi Bernado aliamka, akamgeukia mkewe amwambie "Umeamkaje, mama Ursula," maneno aliyomwambia kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Lakini mimi naulizaga," alisema.

Pelagia alisubiri swali. Lilikuja lilelile la mwalo.

Kufika mchana walikuwa wamelielewa. Maneno yaliyopita redioni yalikwenda na hayakurudi, na yale yaliyokatwa ndiyo aliyobaki nayo. Hakuwa bubu. Kuanzia "lakini" hadi "mawe" aliyasema yote, kwa mpangilio au kwa vipande, na kwa vipande hivyo aliweza kuomba chumvi na kuuliza msumari uko wapi. Lakini salamu hakuwa nayo tena. Hakuwa na asante, wala pole, wala karibu. Jumapili kanisani, waumini walipopeana amani, alimpa jirani yake mkono na kumwambia wanawake wataanika dagaa wapi. Jirani aliuvuta mkono wake polepole.

Mtu anaweza kuishi Mugango bila meno, bila ng'ombe, hata bila mke akijikaza. Bila salamu ni kazi. Watoto walimwamkia "shikamoo" naye akawajibu "lakini." Wazee walimpita njiani wakisubiri neno, wakaambulia uzio. Siku tano zilitosha watu kusema kwamba Bernado redio imempandisha kichwa. Siku kumi zilipotimia, walikuwa wamepata njia nyingine ya kwenda mwaloni, ndefu zaidi, isiyopita karakanani kwake.

Huko redioni alizidi kustawi. Jumatano ya pili sauti yake ilishukuru kwa ajili ya barabara. Jumatano ya tatu ilishukuru kwa ajili ya mwekezaji, kwa jina, na kwa mara ya kwanza jina likawa moja. Maneno hayo Bernado hakuwahi kuyasema popote, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Sauti iliyozoea kushukuru haihitaji kufundishwa sana. Binti yao Ursula, aliyeolewa Bunda, alituma salamu kupitia dereva wa gari la pamba: sokoni kwao baba anapendwa, watu wanasema Mugango kuna mzee mstaarabu.

Pelagia aliogopa. Aliogopa kwanza jioni, redio ilipowaka na mumewe akasalimia nchi nzima huku ameketi pale pale kando yake, mdomo umefungwa, mikono magotini. Akazificha betri kwenye debe la unga. Haikusaidia, sababu redio za majirani zilisikika, na sauti ilipita kwenye ua wa matete na kuwatakia jioni njema wote wawili. Kila ilipofanya hivyo Bernado alipungua uzito kidogo. Pelagia aliliona hilo kwenye kitanda, upande wake ulivyokuwa hauzami.

Mwenyekiti wa kijiji, Nyamburi, alikuja siku moja alasiri. Alikuwa mtu mpole, na alikaa kwenye kigoda akanywa uji mpaka ukaisha kabla ya kusema.

"Mama Ursula, mimi sina neno na baba Ursula," alisema. "Ila watu wananiuliza. Bernado wa redioni anashukuru. Huyu wa hapa anatukana."

"Hatukani," alisema Pelagia. "Anauliza."

"Bila salamu?"

Pelagia aliinama akaokota kikombe cha uji.

"Wa redioni amesikika hadi Kigoma huko," alisema Nyamburi. "Huyu tunamsikia sisi tu, nyumba nane. Sasa mtu akiniuliza yupi ndiye mwenyewe, nitasema nini? Mwambie huyu ajitahidi afanane na yule. Mgambo wameanza kuandikaandika." Aliaga vizuri, akamuuliza na hali ya kuku. Alipofika mlangoni aliitazama redio, akaiinamia kidogo, heshima ya mtu na mtu.

Usiku ule Pelagia hakula. Mkutano wa mwalo ulikuwa umebakiza siku sita, na mtu pekee ambaye wakubwa wangemsikiliza alikuwa hana pa kuanzia.

Asubuhi waliondoka na gari la samaki kwenda Musoma. Fundi redio Hamduni alikuwa na kibanda mtaa wa Kitaji, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Pelagia alimwekea yake mezani, akamweleza. Hamduni alisikiliza bila kunyanyua macho. Aliifungua kwa bisibisi, akatoa betri zote nne, akazinusa.

"Dagaa," alisema.

"Tunazianikaga pamoja."

"Si mbaya." Redio isiyo na betri ilimalizia kumtakia Hamduni kazi njema. Hamduni aliinuka, akachukua kanga ukutani, akaifunika, kisha akafunika na zile zingine zote. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini.

"Mama, redio yako nzima. Nimefungua tisa mwezi huu, zote nzima. Kuna mwalimu mmoja wa Butiama, yeye walirusha ndiyo zake. Amebaki na hapana tu. Mkewe anasema hata chai hapana, hata kulala hapana, na njaa inamuuma." Akamtazama Bernado kwa huruma. "Mzee huyu ana nafuu. Amebaki na swali."

"Inaponaje?"

"Sauti iko kwenye kanda. Kanda iko ofisini kwao, ghorofani juu ya duka la vitenge. Nendeni. Ila mimi hamjaniona." Alikataa malipo. Waliposhuka ngazi ya kibanda waligeuka, wakamwona akifunga dirisha, saa nne ya asubuhi, na wateja wakija.

Ofisi ya kipindi ilikuwa chumba kimoja chenye feni. Karani wake aliitwa Ghati, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Watu saba walikuwa kwenye benchi, na Pelagia aliwatambua kuwa ni wenzao, jinsi kila mmoja alivyotikisa kichwa tu walipoingia, bila salamu. Walikaa. Zamu yao ilifika saa nane.

Pelagia alieleza kwamba mumewe anaomba arudishiwe shukrani zake.

"Inawezekana," alisema Ghati. Alitoa kitabu, akachovya kidole kwenye sponji, akafunua. "Mwenye sauti anakuja mwenyewe, anaomba kwa sauti yake, tunaangalia. Yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

Ghati alimgeukia Bernado, akaweka kalamu tayari. "Haya, mzee."

Bernado alisimama. Alivua kofia. Pelagia aliona mishipa ya shingo ikimtoka jinsi alivyoitafuta hata "habari za kazi" tu, hata nusu yake. Jasho lilimtiririka kidevuni.

"Lakini," alisema Bernado, "mwalo mbona hamkutuuliza?"

Kalamu ilishuka. Ghati hakukasirika, alisikitika tu, kama mtu aliyeyaona hayo tangu asubuhi. "Mama, mzee wako anaingia ofisi ya watu hata salamu hana. Hilo naliandikaje? Hapa pameandikwa *ombi*." Akakigeuza kitabu ili Pelagia aone. Palikuwa pameandikwa hivyo kweli.

Alfonce alitoka chumba cha ndani, akamwona Bernado, akafurahi kwa moyo wote. Alimkumbatia. "Mzee wangu! Barua zinakuja mpaka nashindwa kuzisoma." Pelagia alimuuliza maneno ya mwisho yako wapi, yale ya mwalo, walau yarushwe nayo ili yote yawe sehemu moja.

"Yale tulifuta, mama," alisema Alfonce. "Kanda ni chache, tunarekodia juu yake. Na mimi nilikata mwisho tu. Kila mtu anakatwaga mwisho." Alisema hivyo bila uovu wowote, na hilo ndilo lililomtisha Pelagia kuliko mgambo. Kijana huyu asingeona haya hata akiulizwa na Mungu.

Wakiwa garini kurudi, Bernado akiwa mwepesi kiasi kwamba mkewe alimshika mkanda asiruke kwenye mashimo, Pelagia aliamua. Atasema yeye. Na hatashukuru. Ataanzia kwenye "lakini" moja kwa moja, ili wakikata mwanzo wasikute kitu, na wakikata mwisho wabaki na swali. Alifanya mazoezi siku tano, mbele ya kuku, mbele ya ndoo, mbele ya mumewe. Lakini mwalo hatukuulizwa. Lakini mwalo hatukuulizwa. Bernado alimsikiliza na kutikisa kichwa kwa kukubali, na siku ya tano alicheka, kicheko chake kile cha zamani, ambacho redio haikuwa imekitaka.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Alikuja mkubwa mmoja kutoka wilayani, akaja mwekezaji mwenyewe na kofia ya majani, akaja Alfonce na kinasa sauti. Nyamburi alifungua kwa sala. Alisema kwamba kuhusu mwalo maoni ya wananchi yameshapatikana, maana Bernado amewasemea redioni mara nne na ameshukuru. Bernado alisimama katikati ya watu, akasema wanawake wataanika dagaa wapi. Mgambo wawili walimkalisha kwa upole. Hawakutumia nguvu, alikuwa mwepesi. Katibu aliuliza aandike nini, akaambiwa hakuna kilichosemwa, kwa kuwa msemaji hakujitambulisha wala kusalimu.

"Kuna mwingine?" aliuliza Nyamburi.

Pelagia alinyoosha mkono.

Walimletea kipaza sauti. Watu mia tatu waligeuka. Mbele kabisa walikaa shangazi zake wawili, waliomlea baada ya mama yake kufa, wanawake waliomfinya utotoni kila alipofungua mdomo kabla ya kusalimu. Mkubwa wa wilaya alikuwa na nywele nyeupe. Alikuwa rika la baba yake. Pelagia alivuta pumzi, akaliweka neno "lakini" kwenye ncha ya ulimi, akalisikia limekaa pale.

"Kwanza kabisa nashukuru," alisema Pelagia.

Alijisikia akisema. Hakuweza kujizuia. "Nawasalimu viongozi, shikamooni. Nawasalimu wazee wangu, shangazi zangu. Tunashukuru mmefika salama. Sisi hatujambo." Shangazi zake walitikisa vichwa kwa fahari. Ndipo akaona kidole gumba cha Alfonce kikibonyeza, na kanda ikasimama.

Aliyasema yaliyobaki yote. Aliyasema vizuri kuliko kwa kuku, uzio na mwamba na dagaa na watoto, mpaka wanawake wa nyuma wakaanza kulia na mwekezaji akavua kofia yake ya majani kwa heshima. Mkubwa wa wilaya alimsikiliza mpaka mwisho. Katibu aliandika kwamba Mama Pelagia alishukuru.

Kipindi kilirushwa Jumatano. Alhamisi Pelagia aliamka, akamgeukia mumewe, akafungua mdomo, akaufunga. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Bernado alimfuta machozi kwa kiganja kilichokuwa hakina uzito tena.

Uzio ulikamilika kabla ya mvua. Chama hakikubaki kimoja. Vilikuja vingi, na vyote vilipita Mugango na magari ya vipaza sauti, na vyote viliulizia wapi wanaishi wale wazee wawili wastaarabu wa redioni. Nyamburi aliwaonyesha nyumba kwa mbali, akawashauri wasiingie.

Siku hizi hakuna anayewatembelea. Jioni huweka redio kati yao, juu ya kigoda. Tangu mwisho wa mwaka ule sauti zao zimepewa kipindi kimoja, na siku ya kwanza zilipokutana humo, kabla ya kuwashukuru viongozi, ziligeukiana.

"Umeamkaje, mama Ursula?" ilisema sauti ya Bernado.

"Salama, baba Ursula," ilisema sauti ya Pelagia. "Wewe je?"

Ursula alituma salamu kutoka Bunda kwamba amefurahi, maana wazazi wa wenzake wakizeeka huanza kununiana. Pale uani Pelagia alikuwa ameupeleka mkono wake, akaushika wa mumewe, akaushikilia ili usipeperuke.

"Lakini," alisema Bernado.

"Lakini," alisema Pelagia.

Walisikiliza mpaka sauti ikaanza kufifia na kukwaruza. Asubuhi Pelagia alitoa betri zote nne, akapanda juu ya pipa, akazianika kwenye bati la jikoni, kwa kuwa mwambani pana uzio.